Samaki wa dimbwi na udongo uliosafiri kwa posta

Waliopita hapa kutafuta habari za bumu, halijatoka, rudini kesho. Leo nina historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo aliye na asaimenti ya kesho aanze nayo kwanza kisha aje.

Kwenye semina yetu ya mbinu za utafiti wa historia tulikuwa tunabishana kitu gani kinafaa kuitwa chanzo. Barua, sawa. Masimulizi ya wazee, sawa. Magofu, sarafu, vigae, sawa. Mimi nikasema hata samaki aliye hai kwenye tangi la kioo sebuleni kwa mtu anaweza kuwa chanzo, mradi awe na karatasi inayosema alitoka wapi na lini. Watu wakacheka. Muda ukaisha, mjadala ukafia hapo. Basi naumalizia huku ambako hakuna wa kuniangalia saa.

Samaki ninayemzungumzia mnamjua hata kama hamjui jina lake. Mvua zinanyesha, pembeni ya barabara au katikati ya mbuga panajaa maji, baada ya wiki chache watoto wanachota visamaki vidogo vyenye rangi za kushangaza. Lile dimbwi halina mto unaoliingilia. Miezi miwili iliyopita lilikuwa udongo mkavu uliopasuka na ng'ombe walipita juu yake. Wametoka wapi? Wengi tumekua tukiambiwa wameshuka na mvua, na kusema kweli kwa mtu aliyeona dimbwi lile kiangazi hilo ni jibu la heshima kabisa.

Wataalamu wanawaita Nothobranchius. Ni samaki wa Afrika, na Tanzania ni moja ya maskani yao makubwa: Ruvu, Rufiji, Kilombero, Mafia, Unguja. Wengi hawazidi urefu wa kidole. Dume ndilo lenye rangi, jike ni la kijivu tu, unaweza kudhani ni samaki wa aina nyingine. Siri yao iko kwenye yai. Jike linataga ndani ya tope. Dimbwi likikauka wakubwa wote wanakufa, habaki hata mmoja, lakini mayai yanabaki yamelala kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi kwa miezi mingi, na mengine hupita hata mwaka. Tena hayaamki yote kwa pamoja. Mvua ya kwanza ikija ni ya uongo, yale yaliyoanguliwa yanakufa, lakini yapo mengine yaliyobaki usingizini kungoja mvua ya kweli. Ni kama mkulima anayebakiza mbegu ghalani kwa sababu anaijua mvua ya kwake.

Yanapoanguliwa hakuna kupoteza muda. Mwaka 2018 watafiti waliowafuatilia samaki hawa Msumbiji walichapisha kwamba kuna wanaopevuka siku 14 tu baada ya kutoka kwenye yai. Wiki mbili! Sisi wiki mbili za kwanza za muhula bado tunatafuta ratiba.

Sasa historia yenyewe. Mjerumani Wilhelm Peters alikuwa Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya kila chenye uhai. Kutoka Quelimane alipata samaki aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 1844, na mwaka 1868 ndipo akatoa jina la ukoo, Nothobranchius. Miaka ya 1888 na 1889 Mjerumani mwingine, Franz Stuhlmann, akakusanya samaki Afrika Mashariki, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamwandika yule wa Unguja, ambaye leo anaitwa Nothobranchius guentheri. Jina hilo ni la kumuenzi Albert Günther wa jumba la makumbusho la London, ambaye mwaka 1866 alikuwa ametoa kitabu kizima cha samaki wa Zanzibar akiwa na Playfair, konsuli wa Uingereza pale Unguja. Angalieni miaka hiyo. Sayansi, ukonsuli na ukoloni vilikuwa vinapanda jahazi moja.

Lakini samaki wa Peters na Stuhlmann walisafiri wakiwa maiti, ndani ya chupa za spiriti. Chupa ile inakuonyesha umbo na hesabu ya miiba ya pezi. Haikuonyeshi rangi, kwa sababu spiriti inazifuta, na wala haikuonyeshi jinsi anavyoishi. Hayo yalikuja kujulikana kupitia watu wa aina nyingine kabisa, wafugaji wa nyumbani: watu wenye kazi zao nyingine, jioni wanakaa mbele ya tangi la lita ishirini na kuangalia.

Na hapa ndipo samaki huyu anapowazidi wenzake wote. Samaki wa kawaida akitoka Afrika kwenda Ulaya anahitaji maji, hewa, joto, ndege, na bado nusu wanaweza kufa njiani. Huyu anahitaji bahasha. Mfugaji anaweka ndani ya tangi kibakuli chenye piti, yaani mabaki ya majani ya kinamasi yaliyooza na kukauka. Jike na dume wanataga humo. Baada ya wiki moja au mbili anaitoa, anaikamua mpaka ibaki na unyevu kidogo kama tumbaku mbichi, anaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kabatini. Kwa yule wa Unguja miezi mitatu hivi inatosha, wengine wanataka sita au zaidi. Siku ikifika anamimina maji ya baridi, na ndani ya saa chache vijisamaki vinaogelea. Katikati ya hapo ule mfuko unaweza kutumwa kwa posta kama barua. Ikichelewa wiki tatu hakuna neno, yai lenyewe limelala.

Yaani dimbwi zima ndani ya bahasha. Wala si ajabu mtu kuwaza biashara. Kampuni ya Marekani iitwayo Wham-O, ile ile iliyouza pete za kuzungusha kiunoni na visahani vya kurusha, ilijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmoja wa waanzilishi wake, Arthur Melin, alikuwa safarini Afrika akasikia habari za samaki ambao mayai yao hukaa kwenye tope kavu na kuanguliwa maji yakija. Akarudi na wazo la kuuza "samaki wa papo kwa papo": nunua udongo, weka maji, pata samaki. Maduka yakaagiza kwa wingi mno. Tatizo likawa moja tu, samaki hawakutaga kwa kasi ya oda. Bidhaa ikafa. Mi hapa nacheka peke yangu kila nikiikumbuka, kwa sababu kila mtoto aliyekaa karibu na dimbwi angemwambia yule tajiri kwamba dimbwi lina ratiba yake.

Walioweza ni wale wa sebuleni, bila haraka. Miaka ya 1960 walianza kujiunga kwenye vyama, Marekani, Uingereza, Ujerumani, wakabadilishana mayai kwa posta na kuandika majarida madogo ya wanachama. Na wakajiwekea utaratibu ambao kwangu ndio moyo wa makala hii: hakuna kuchanganya. Samaki wa dimbwi hili hapandishwi na samaki wa dimbwi lile, hata kama kwa macho wanafanana. Kila kundi linabeba lebo yake popote linapokwenda. Herufi za nchi, mwaka, namba ya dimbwi au jina la mahali. Ukipewa mayai unapewa na lebo. Ukipoteza lebo, samaki wako ni pambo tu, na mfugaji makini hatakuomba mayai tena.

Hebu fikirini uzito wa hilo. Ni watu wasiolipwa, wanaofanya kazi ya mtunza nyaraka, kizazi baada ya kizazi cha samaki anayeishi miezi michache. Mfugaji akizeeka anampa mwingine. Mwingine akihama nchi anatuma bahasha. Kinachoshikilia kila kitu pamoja ni kakaratasi.

Mfano wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mfugaji Richard Furzer alipata samaki kwenye madimbwi ya Gonarezhou, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mwaka 1971 Rex Jubb akamtangaza kama aina mpya na kumwita Nothobranchius furzeri. Mayai yakaingia kwenye mzunguko wa wafugaji na lebo yake, GRZ, ufupisho wa Gonarezhou.

Halafu nchi zikawaka moto. Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, vita vya ukombozi vikaendelea mpaka uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980. Ng'ambo ya mpaka, Msumbiji ilipata uhuru 1975 na kuingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1977 mpaka 1992. Ukanda ule ukatapakaa mabomu ya ardhini. Nani angekwenda kuchota visamaki kwenye uwanja wa mabomu? Kwa muda wote huo wale wa GRZ walikuwa wanataga kwenye vibakuli vya piti mbali kabisa na Afrika, mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona dimbwi la Gonarezhou. Vitabu vyetu vya historia ya kusini mwa Afrika kipindi kile vimejaa majeshi na mikutano, kwa haki kabisa. Lakini kipo na hiki kipande kidogo, dimbwi lililokaa nje ya nchi yake zaidi ya miaka thelathini, na lebo haikudondoka.

Mwaka 2003 Waitalia wawili, Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino, wakachapisha matokeo ya kuwahesabia siku samaki hao wa GRZ. Walikuwa wanaishi miezi mitatu hivi tu. Kati ya wanyama wenye uti wa mgongo wanaoweza kufugwa na kuzaliana maabara, hakuna aliyejulikana kuwa na maisha mafupi kiasi hicho. Na si kwamba anakufa ghafla. Anazeeka. Rangi inafifia, mgongo unapinda, akili ya kujifunza inapungua, yote ndani ya wiki chache. Kwa mtafiti wa uzee hiyo ni dhahabu, kwa sababu panya anamchukua miaka miwili mitatu mpaka azeeke. Mwaka 2006 Dario Valenzano na wenzake wakaonyesha kwamba kemikali ya resveratroli, inayopatikana pia kwenye zabibu nyekundu, iliwaongezea samaki hao maisha. Mwaka 2015 vikundi viwili, cha Jena Ujerumani na cha Stanford Marekani, vikatoa ramani ya vinasaba vyake vyote. Leo anafugwa kwenye maabara nyingi duniani.

Kabla hatujapiga makofi, tukumbuke kwamba yule wa Unguja alitangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Markofsky na Perlmutter wa New York walikuwa tayari wanapima uzee kwa kutumia Nothobranchius guentheri. Samaki wa madimbwi ya Unguja, maabara ya New York, na sisi huku tunamaliza kidato cha sita na baiolojia yetu bila kusikia jina lake hata mara moja. Hilo linaniuma kama mwalimu mtarajiwa kuliko ninavyoweza kuandika.

Turudi kwa lebo. Mwaka 2004, vita vya Msumbiji vikiwa vimekwisha zaidi ya miaka kumi, watafiti waliingia kusini mwa nchi hiyo na kukusanya furzeri wapya kutoka porini. Mmoja wa wale waliokuja kutumika sana anaitwa MZM-0410. Isomeni: Msumbiji, mwaka 04, mahali namba 10. Wanasayansi wenye maabara za mamilioni walichukua utaratibu wa watu wa sebuleni kama ulivyo. Na walipowalinganisha waliona jambo: samaki wa Msumbiji walikuwa wanaishi muda mrefu kuliko GRZ. Swali zima la kwa nini dimbwi moja linazaa samaki wa maisha mafupi na jingine marefu linawezekana tu kwa sababu kuna mtu aliandika dimbwi lipi. Wangechanganywa kwenye tangi moja kwa kuwa "wote ni furzeri", swali lingekufa kabla halijazaliwa.

Hapo ndipo nasimamia hoja yangu ya semina. Barua isiyo na tarehe wala mwandishi inampa mwanahistoria shida. Samaki asiye na mahali wala mwaka vilevile. Akiwa navyo, ni hati inayopumua.

Ila hati nayo ina makosa yake, na wanahistoria tunafundishwa kuuliza nani kaiandika. Angalieni majina. Nothobranchius korthausae wa Mafia, aliyetangazwa mwaka 1973, ni jina la Edith Korthaus, mfugaji wa Kijerumani. Nothobranchius foerschi wa upande wa Ruvu, 1979, ni la Walter Foersch, mfugaji wa Kijerumani. Nothobranchius rachovii wa Beira, 1926, ni la Arthur Rachow, Mjerumani mpenda samaki wa nyumbani. Sina ugomvi nao, walifanya kazi kubwa, na wengine kama kilomberoensis wa mwaka 2002 amepewa jina la mahali, afadhali. Lakini mgeni akishuka Mafia hajui dimbwi liko wapi. Kuna mtu alimwonyesha. Mara nyingi, naweka dau, ni mtoto mwenye chandarua kibovu. Lebo ina nchi, mwaka na namba, haina nafasi ya yule mtoto.

Na kuna swali la mali. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulianza kufanya kazi mwisho wa 1993, Itifaki ya Nagoya ikafuata mwaka 2014. Kwa hizo, nchi ina haki ya kuulizwa kabla ya viumbe wake kuchukuliwa kwa utafiti, na kugawana faida. GRZ aliondoka kabla ya yote hayo. Kisheria alikuwa ameshapita mlangoni kabla mlango haujawekwa. Kuna rafiki yangu wa sheria anasema hiyo ni hadithi ya kahawa na mpira tena. Mimi nasita kidogo. Kahawa waliyochukua ilitajirisha makampuni, wafugaji hawa wengi walituma mayai kwa bei ya stempu. Ningewadai kitu kingine: majarida yao. Miaka sitini ya maelezo ya madimbwi yetu, kina cha maji, rangi ya udongo, tarehe, samaki waliokuwemo, yamekaa kwenye makabati Ulaya na Marekani. Hizo ni nyaraka za mazingira ya pwani yetu ambazo sidhani kama kuna ofisi huku iliyoziandika kwa makini hivyo.

Maana madimbwi yenyewe yanaondoka. Nani hajaona? Panapotuama maji ndipo kiwanja kinapouzwa rahisi, lori mbili tatu za kifusi na kazi imekwisha. Barabara inapanuliwa, mtaro unajengewa saruji. Dimbwi halina hadhi ya mto wala ziwa, hakuna anayelihesabu. Béla Nagy na Brian Watters, waliopitia hali ya ukoo mzima wa Nothobranchius, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya aina hizi iko hatarini, kwa sababu nyingi zinaishi eneo dogo sana. Ukifukia madimbwi machache unaweza kufuta aina nzima, na wala hutajua, kwa sababu ulifukia kiangazi, palikuwa pakavu.

Je, wale wa kwenye matangi si watatuokoa? Hapa nawakatisha tamaa kidogo. Samaki aliyefugwa vizazi makumi kutoka wazazi wachache anapoteza utofauti wake. Vinasaba vya GRZ karibu vinafanana kwa kila samaki, ndiyo maana maabara wanampenda, na ndiyo maana si wa kumwagwa porini. Na kumwaga ovyo samaki wa tangi kwenye dimbwi lingine, hata kwa nia njema, ndiyo kule kuchanganya lebo. Tuliokulia Kanda ya Ziwa tunajua samaki mmoja kuletwa mahali pasipo pake kunaweza kufanya nini. Waulizeni furu habari za sangara. Tangi linaweza kuhifadhi ushahidi kwamba dimbwi lilikuwepo. Dimbwi lenyewe halirudishi.

Kwa hiyo mwenzenu nakusanya. Si samaki, nakusanya madimbwi. Wa Kilombero, Rufiji, Ruvu, Mafia na Unguja mtangulie, na wa Tanga na Mombasa mnakaribishwa. Niandikieni jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, mwezi mliowaona samaki, kama lile dimbwi bado lipo au limeshakuwa nyumba ya mtu, na zaidi ya yote, wenyeji wanawaitaje samaki hao. Na jina la aliyekuonyesha dimbwi kwa mara ya kwanza, kama yeye mwenyewe hana kinyongo litajwe.